Meli iliyobeba mzigo wetu wa China imezama, bima nililipa kwa ejenti ila cheti sina, naanzia wapi?

MamaVyombo_Kkoo:
Wadau habari zenu, naombeni msaada maana kichwa kimejaa. Mimi nauza vyombo vya jikoni Kariakoo, mahotpoti, chupa za chai, seti za vikombe, mzigo nachukua Guangzhou kwa mtindo wa CBM (mita za ujazo) yani tunachangia kontena na wenzangu kupitia ejenti. Safari hii nilikuwa na katoni 140, CBM 9, kilo kama 2,300, thamani yake dola 11,400 kabla ya nauli. Wiki iliyopita ejenti katuma ujumbe kwenye grupu la WhatsApp kwamba meli imeshika moto katikati ya Bahari ya Hindi, mabaharia wote wameokolewa alhamdulillah, ila meli ikawaka siku kadhaa ikaja kuzama na kontena letu limekwenda nayo.

Kwenye risiti ya ejenti kuna mstari umeandikwa "bima" dola 70, nililipa. Cheti sijawahi kupewa na kusema kweli sikuwahi kudai. Nikimpigia ananiambia mama tulia kampuni ya meli itatoa tamko. Halafu jana kaleta karatasi ya Kiingereza kurasa mbili anasema tusaini turudishiwe nauli. Wenzangu wawili washasaini. Hela ya kikoba imo humo ndani jamani na mwezi wa marejesho unakuja. Nisaini? Hiyo dola 70 ina maana yoyote? Na namdai nani, ejenti, meli au bima?

Gerezani_Spea:
Pole sana mamaa. Mimi ningeshtaki kampuni ya meli moja kwa moja, wale matajiri bwana, meli iwe yao, moto uwake kwao, hasara ule wewe? Na huyo ejenti kamuoneni ofisini mapema kabla hajahama mtaa.

Broka_wa_Posta:
Dada pole. Kwanza kabisa USISAINI hiyo karatasi. Mpe mtu anayejua Kiingereza cha mikataba aisome mpaka ukurasa wa mwisho, mara nyingi huko chini kuna sentensi moja inasema umeshalipwa na huna dai lingine lolote kwa ejenti wala kwa mwenye meli. Ukisaini hapo umejifungia milango miwili kwa mpigo, maana kampuni ya bima ikishakulipa inachukua haki yako ya kwenda kumdai mwenye meli ili irudishe hela yake, sasa kama haki yenyewe umeshaiuza kwa nauli ya CBM 9 watakwambia umewaharibia dai lao na hapo ndo wanapata sababu ya kukukatalia au kukukata. Hao wenzako wawili waandike leoleo kwa ejenti kwamba saini zao wanaziondoa, kama hela haijatoka bado wana pa kusemea.

La pili, hilo la meli kuzama lisikupe presha, kwenye bima ya mzigo hapo ndo penyewe pepesi. Bima za shehena karibu dunia nzima zinafuata vifungu vya London, vinaitwa A, B na C. A ni ile pana, inalipa karibu kila hasara ya bahati mbaya isipokuwa vile vilivyotajwa kuwa havimo, C ndo ya bei ya chini, inalipa mabalaa makubwa tu. Lakini hata hiyo C moto umo, kuzama kumo, kupinduka kumo, meli kugongana kumo. Kwa hiyo hakuna asesa (mkaguzi wa hasara wa bima) atakayekaa akabishana na wewe kuhusu meli kuzama. Atakukaba kwenye maswali mawili, mzigo wako ulikuwemo kweli, na ulikuwa wa shilingi ngapi. Mzigo ukifika umelowa asesa anaenda bandari kavu, anapiga picha, anahesabu katoni zilizooza. Wa kwako uko chini ya bahari, hakuna wa kwenda kuhesabu, kwa hiyo kila kitu kinasimama kwenye karatasi.

Sasa anza kukusanya leo usingoje tamko la mtu. Ile risiti ya godauni ya Guangzhou siku mzigo ulipopokelewa, ile yenye shipingi maki yako (ile alama wanayoandika na maki peni kwenye katoni), idadi ya katoni na CBM, hiyo ni dhahabu, kama ilikuja kwa WeChat ipige skrinishoti pamoja na tarehe na jina la aliyetuma. Invoisi ya kiwanda. Packing list (orodha ya vilivyomo kwenye katoni). BL (hati ya mzigo kupakiwa melini) aliyokupa ejenti. Ushahidi wa malipo, slipu ya TT ya benki au kama ulilipa kupitia mtu basi meseji zote. Mazungumzo na muuza kiwanda usifute hata moja, simu ikijaa futa video za harusi. Halafu kuna barua moja ambayo bila hiyo hutasogea, barua ya kampuni ya meli inayosema kontena namba fulani lilipakiwa kwenye meli fulani safari namba fulani na limepotea. Hiyo wewe peke yako huipati kirahisi, kwenye vitabu vya kampuni ya meli jina lako halipo, lipo la ejenti, yeye ndo mwenye BL kubwa. Kwa hiyo mnambana yeye wote kwa pamoja aiombe.

Kuhusu dola 70. Kwa mzigo wa dola 11,400 hiyo ni kama asilimia 0.6, kwa bei hiyo bima ya kweli inaweza kabisa kuwepo. Ila kuna mambo matatu hapo. Inawezekana ejenti ana polisi (mkataba wa bima) ya wazi, ile ya mwaka mzima, kila kontena likitoka anatuma orodha ya mizigo kwa kampuni ya bima, hapo uko salama kama jina au alama yako imo kwenye orodha. Inawezekana alichonacho ni bima yake mwenyewe ya dhima, inamlinda YEYE akishtakiwa, mzigo wako hauhusiki nayo. Na inawezekana hakuna kitu, 70 yako ilienda kwenye mafuta ya gari. Muulize kwa maandishi, si kwa simu: namba ya polisi, jina la kampuni ya bima, kiasi kilichokatiwa, A au C, na cheti kwa jina lako. Asipokujibu, kimya chake nacho ni ushahidi huko mbele.

MamaVyombo_Kkoo:
Asante sana kaka, umenipa pumzi. Sijasaini na sitasaini. Nina swali la aibu kidogo, invoisi ninazo mbili. Ya kweli ya kiwanda dola 11,400, halafu kuna ile nyingine ya forodha ejenti alinitengenezea ya dola 4,800, mnaelewa wenyewe kwa nini. Nipeleke ipi?

Broka_wa_Posta:
Hapo dada ndo watu wengi wa Kariakoo wanaponaswa na hili nakujibu bila kukuficha. Kinacholipwa ni kile kiasi kilichoandikwa kwenye cheti cha bima. Kawaida wanakata thamani ya mzigo pamoja na nauli wanaongeza asilimia 10 juu, hiyo 10 ni ya kufidia usumbufu na faida uliyokosa, na kikishaandikwa kwenye polisi ya thamani iliyokubaliwa hakuna wa kukishusha mpaka athibitishe ulidanganya. Kwa hiyo kama ejenti alikatia bima kwa 11,400 pamoja na nauli, upo vizuri, kama alikatia kwa 4,800 utalipwa kwa hiyo 4,800 hata ulie vipi.

Balaa linakuja ukipeleka invoisi ya 11,400 kwenye bima halafu asesa akipekua nyaraka za ejenti akutane na ya 4,800 ina sahihi ileile na tarehe ileile. Sheria ya bima ya bahari, ile mama ya Uingereza ya mwaka 1906 ambayo za kwetu huku zimetokana nayo, imejengwa juu ya uaminifu wa hali ya juu kati ya mwenye mzigo na kampuni, wakishaona karatasi mbili zinapingana hata ukweli wako wanauona uongo. Mzigo haujafika bandarini, kodi haijakadiriwa, kwa hiyo hiyo ya forodha bado haijatumika popote. Peleka ya kweli na slipu ya malipo inayolingana nayo, wakikuuliza nyingine imetoka wapi usitunge hadithi, sema ilivyokuwa. Na safari nyingine mwambie ejenti wako huo mchezo akacheze na mwingine.

Kilindini_Kliaringi:
Pole dada. Mimi nko Mombasa, nafanya kliaringi miaka mingi sasa, wacha niongezee kidogo hapo kwa ile ya kushtaki meli maana naona mwenzetu Gerezani ana moto kuliko ile meli.

Mwenye meli ana kinga nyingi sana kuliko mtu anavyofikiria. Mizigo mingi inasafiri chini ya kanuni za Hague-Visby, zile za kimataifa za kubeba mizigo baharini, na ndani yake moto ni kinga ya mwenye meli, halipi mpaka uthibitishe yeye mwenyewe kampuni ndiye alikosea, si baharia, si fundi wa injini, kampuni. Nahodha kukosea njia nayo ni kinga. Na hata akipatikana na kosa kuna kikomo, SDR 666.67 kwa kila kifurushi au SDR 2 kwa kila kilo, wanachukua ile iliyo kubwa. SDR ni ile hesabu ya IMF, moja inazidi dola kidogo. Sasa angalia BL yako. Kama imeandikwa katoni 140, kila katoni ni kifurushi, kikomo kinakuwa juu sana kuliko mzigo wenyewe, uko fresh. Kama imeandikwa tu kontena moja la bidhaa mchanganyiko, hapo kifurushi ni kimoja, watakuhesabia kwa kilo, kilo 2,300 mara mbili ni SDR 4,600, hiyo ni dola elfu 6 na kitu, na hiyo ni baada ya kesi London na wakili.

Na juu ya kikomo hicho kuna kingine cha meli nzima. X-Press Pearl iliyoungua hapo Sri Lanka mwaka 2021 ilikuwa na makontena 1,486, wenye meli wakaenda mahakama ya London wakakubaliwa kuweka kikomo cha pauni milioni 19 hivi. Hebu gawanya hiyo kwa wenye mizigo, wavuvi, fukwe, serikali, wewe wa vikombe utaachiwa nini. Ndo maana mtu mwenye bima analipwa na bima yake anarudi kazini, anaiachia kampuni ya bima igombane na matajiri wenzake.

Lakini usiache kumwandikia mwenye meli. Muda wa kumshtaki ni mwaka mmoja tu, unahesabiwa toka siku mzigo ulipaswa kukabidhiwa, ukipita hata kwa siku moja dai limekufa, na kampuni ya bima itakuuliza kwa nini uliliacha life mikononi mwako. Barua fupi tu, namba ya BL, namba ya kontena, tunakuwajibisha kwa hasara yote. Kwa ejenti pia hivyohivyo maana BL yako wewe imetoka kwake, kwako yeye ndiye mchukuzi.

Huku Kenya toka Januari 2017 mzigo wa kuingia lazima ukatiwe bima na kampuni ya hapa nchini, watu walilalamika sana wakati huo, mimi nikiwemo, ila kwa ajali kama hii unaona faida yake, unapanda ngazi za ofisi ya Nairobi ama Mombasa na faili yako mkononi badala ya kutuma imeili Shenzhen usubiri waamke.

Gerezani_Spea:
Haya nimenywea 😅 ila swali, nina mzigo wa spea mimi umetoka Dubai juzi bila bima. Naweza kukata sasa hivi uko njiani? Na mama je, si akate leo halafu aseme alikata zamani?

Broka_wa_Posta:
Wewe kata, inaruhusiwa, hata kama kwa bahati mbaya mzigo ulishapotea kabla hujakata unalipwa, MRADI hukujua. Neno kubwa ni hilo la kujua. Mama anajua, grupu zima la WhatsApp linajua na saa za meseji zipo, hiyo ya kukata leo sio bima tena ni jela. Tusimpotoshe mtu mwenye shida.

Baharia_Malindi:
Asalaam alaykum. Mie ni mtu wa vyombo vya mbao, naona mwaongea meli kubwa tu, nami niseme kidogo ya huku kwetu. Meli ya chuma ikiungua dunia nzima yajua, setilaiti yaona, wenye meli watoa tangazo. Jahazi likitoka na saruji au karafuu likapotea baina ya hapa na Pemba au njia ya Ngazija, hapana moshi hapana tangazo, kimya. Wenye mali hudhani ya kuwa bila mabaki hapana fidia. Sivyo. Ile sheria aliyoitaja ndugu yetu ya 1906 ina kifungu kabisa, chombo kikiadimika na muda wa kutosha ukapita bila ya habari, huhesabika kimepotea moja kwa moja. Lilobaki ni kuonyesha kilitoka, kwa hivyo ile karatasi ya ruhusa ya kutoka bandarini na orodha ya shehena iwekeni nakala nchi kavu, watu huzichukua zote wakenda nazo chomboni.

Na lengine, kampuni za bima hutazama sana chombo kilikuwa kizima au la, mwaka gani kilikaguliwa, kilipakia kiasi gani. Mwenye mzigo akijua chombo kibovu na akapakia, hapo wana la kusema. Asojua halimhusu sana. Dada pole, Mungu akufungulie.

Kilindini_Kliaringi:
Umenena mzee wangu. Na hapo kwa kuonyesha mzigo ulitoka nikukumbushe MOL Comfort ya 2013, ile ilikatika katikati pande za Yemen ikitoka Singapore kwenda Jeddah, makontena 4,382. Kipande cha nyuma kikazama mwezi wa sita mwishoni, cha mbele kikawa kinavutwa wiki nzima na makontena juu, watu wenye mizigo huko wakaanza kupumua, kikashika moto kikazama nacho Julai. Katikati hapo kila mwenye mzigo alikuwa anauliza kontena langu lilikuwa mbele ama nyuma? Kwa hiyo dada barua ya kampuni ya meli isiseme tu meli imezama, itaje namba ya kontena LENU na kwamba limepotea.

Ujue pia kama ile meli ingeponea na nusu ya mizigo, ungeletewa barua nyingine kabisa, ya kuchangia gharama za uokoaji pamoja na wenye meli, kama walivyofanya kwa Ever Given, meli iliyokwama 2021 pale Suez. Hata mzigo wako ukiwa mzima hupewi mpaka uweke dhamana, na asiye na bima anatoa kesh mfukoni. Imezama yote, hapo angalau hamna cha kuchangia.

MamaVyombo_Kkoo:
Jamani narudi na mrejesho. Tulienda kwa ejenti tukiwa saba, tumebeba barua tumeandika hayo maswali yote, na mume wa mwenzetu mmoja ni mwalimu kaisoma ile karatasi ya nauli kaikuta ile sentensi kweli, ukurasa wa pili mstari wa pili kutoka chini. Ejenti kwanza kawa mkali, baadaye katoa faili. Bima ipo! Polisi ya wazi kwa kampuni ya hapahapa Dar, kifungu C. Kwenye orodha nipo kwa alama ya mzigo, sio kwa jina, na kiasi ni dola 12,000. Mwenzetu mmoja alama yake haimo kabisa ingawa na yeye alilipa, amelia pale ofisini mpaka tumemtoa nje. Wale wawili waliosaini nauli ilikuwa haijatoka, karatasi zao zimechanwa mbele yetu. Sasa kampuni ya bima wamenipa fomu ya madai na wananiambia nithibitishe hiyo alama ni ya kwangu. Nafanyaje?

Broka_wa_Posta:
Safi sana, C inatosha kwa moto na kuzama. Alama unathibitisha kwa risiti ya godauni, BL ya ejenti yenye alama hiyohiyo na jina lako, na mzigo wa nyuma ulioutoa bandarini kwa alama ileile, tafuta hizo karatasi za zamani zinasaidia mno. Ejenti naye akuandikie barua fupi kwamba alama fulani ni ya mteja fulani, hiyo hawezi kukataa maana ni orodha yake mwenyewe. BL halisi zote peleka ila uwe na nakala, na upewe risiti ya kuzipokea yenye muhuri.

Huyo mwenzenu ambaye hayumo asikate tamaa. Alilipa na risiti imeandikwa bima, kwa hiyo dai lake ni kwa ejenti, aliyechukua hela ya bima na hakupeleka, na hapo ile bima ya dhima ya ejenti kama anayo inaweza kumlipa. Asaini chochote baada ya kumwona mwanasheria tu.

Uliza mapema eksesi (sehemu ya hasara unayobeba mwenyewe) ni kiasi gani na watalipa kwa dola au shilingi, na kama shilingi ni kwa reti ya siku gani, hapo watu wanapoteza hela kimyakimya. Mkishakubaliana watakupa karatasi ya kusaini kwamba unawaachia haki ya kumdai mwenye meli. Hiyo ni ya kawaida, hiyo unasaini, ila soma kwamba kiasi kilichoandikwa ndicho unachopokea. Wakikuzungusha bila sababu iliyoandikwa, peleka malalamiko TIRA, mamlaka ya kusimamia bima, na ipo ofisi ya Msuluhishi wa Migogoro ya Bima hapo Dar, huhitaji wakili kwenda pale.

Gerezani_Spea:
Nimekata bima ya spea zangu mchana huu. A, sio C. Na nimeuliza bima ya vita, kumbe inalipiwa peke yake, yule dada wa kaunta kaniambia kombora halimo kwenye A.

Kilindini_Kliaringi:
Halimo ndio. Rubymar ilizama Bahari ya Shamu Machi 2024 na mbolea yake baada ya kombora la Wahouthi, mwenye mzigo pale asiye na kipengele cha vita hana pa kushika. Ya Dubai kuja Dar haipiti kule lakini lipa tu, ni hela kidogo.

MamaVyombo_Kkoo:
Nimepeleka faili leo, nimegongewa muhuri. Barua ya kampuni ya meli ejenti anasema inakuja ndani ya wiki. Na barua ya kumwajibisha mwenye meli tumeituma kwa imeili na kwa DHL, tumechanga wote saba. Yule mwenzetu anaonana na mwanasheria kesho, kama kuna mdau anamjua wa mambo ya meli asiye wa bei kubwa aniambie inbox.